Filimbi ya Kuamsha Wafu

Watu wa Skelbeck walimwita Clement Sugden "Marehemu" akiwa hai, mzima wa afya, na wala hakuchukia. Ungeingia dukani kwake siku ya Ijumaa, lile duka la nyama la kona chini ya kanisa la Kimethodisti, ungemsikia mama mtu mzima akisema bila haya, "Marehemu, nikatie mbavu, na usinibambikie mafuta kama wiki iliyopita," naye anajibu, "Mafuta ndiyo utamu, mama, muulize mumeo," huku kisu kinapita katika nyama bila yeye kukitazama. Mgeni angedhani kaingia mji wa wendawazimu.

Jina hilo lilitokana na vita. Si vita vyenyewe, vile vya kuigiza.

Clem alizaliwa wanaume wamekwisha kurudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na nyama bado inauzwa kwa kadi za mgao. Baba yake, Ezra Sugden, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sufu, kile ambacho siku hizi wamekigeuza nyumba za watu wa Leeds wenye fedha zao. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mfugaji wa njiwa wa mashindano. Alipigana Ufaransa. Hilo kila mtu alilijua, kama kila mtu alivyojua nani mtaani ana meno ya bandia, na vilevile halikuwa jambo la kuzungumzwa. Clem alipokuwa mtoto akiuliza, "Baba, vitani kulikuwaje?" Ezra alijibu neno moja tu.

"Matope."

Akiuliza tena anaambiwa, "Matope mengi." Akiuliza mara ya tatu anatumwa akawabadilishie njiwa maji.

Akakua hivyo. Akajifunza kukata nyama kwa mjomba wake, akarithi duka, akamwoa Thelma, mwanamke mwenye mdomo na mikono myepesi, aliyekuwa akisimamia jiko la shule. Mtoto hawakujaliwa. Mama yake Clem alipofariki, Ezra alibaki peke yake na njiwa wake kule juu kilimani, na kila Jumapili Clem alimpelekea sahani ya chakula. Walikaa pamoja wakitazama angani, ndege wanarudi mmoja mmoja, na kati ya baba na mwana hapakupita zaidi ya maneno ya kutosha kuelezea upepo.

Kwa hiyo wanaosema Clem aliingia katika mchezo huo wa vita kwa sababu alipenda bunduki hawakumjua. Clem alikuwa anatafuta mlango wa kuingia moyoni mwa baba yake.

Mchezo wenyewe ulianza kama kichekesho. Walikuwa wanaume wachache tu, na gari moja la jeshi ambalo Rodney Pickersgill, karani wa benki, alilinunua kwa mkulima aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Jumapili walilisukuma zaidi ya walivyoliendesha, nasi tuliwacheka kupitia mapazia. Pickersgill hakuwahi kuvaa sare hata ya posta, lakini alijipa cheo cha meja, na cheo kikamkaa. Mwaka wa pili wakaongezeka. Kisha wale vijana wanaotunza treni ya zamani ya makaa wakasema, mbona tusishirikiane? Ndipo jambo likapata miguu. Ikawa kila kiangazi, mwisho wa wiki mmoja, Skelbeck nzima inarudishwa vitani. Maduka yanabandikwa karatasi kwenye vioo kana kwamba mabomu yanakuja. Wasichana wanajichora mstari nyuma ya miguu ili ionekane wamevaa soksi za hariri. Ukumbini kuna dansi, kituoni kuna bendi, na mabasi yanamwaga watu kutoka Leeds na Bradford na miji ambayo haikujua kama Skelbeck ipo. Wanawake waliozichoma kadi zao za chakula kwa furaha siku serikali ilipozifuta, sasa waliwaona wajukuu zao wakipanga foleni kwa hiari yao wapewe kadi za kuchezea. Wengine walicheka. Wengine walifunga mlango.

Kilele cha yote kilikuwa pigano la Jumamosi mchana, katika shamba la nyuma ya kituo. Upande huu Waingereza, upande ule Wajerumani. Wajerumani walikuwa shida kupatikana. Mkubwa wao alikuwa Desmond Oddy, mwalimu wa watoto wadogo, mtu mpole hata akikupita njiani anaomba radhi. Alikuwa Mjerumani kwa sababu ya miguu yake: ilikuwa mikubwa mno, na buti pekee zilizomtosha zilikuwa za Kijerumani.

Lakini shida kubwa kuliko ya Wajerumani ilikuwa shida ya kufa. Hakuna aliyetaka kufa. Mtu ameendesha gari tangu alfajiri, ameshona vifungo wiki nzima, ana mkoba wa risasi baridi, zile za mlio tu, anazotaka kuzilipua zote. Leo umwambie alale kwenye nyasi baada ya mlio wa kwanza? Basi vita vilikuwa vinapiganwa, bunduki zinalia upande mpaka upande, na hakuna anayeanguka. Watazamaji wakaanza kupiga kelele, "Kufeni basi, jamani, tuna treni ya kuwahi!"

Pickersgill akaitisha kikao pale baa ya Fleece. "Lazima mtu afe wa kwanza," alisema. "Mmoja akianguka na wengine wataona aibu."

Kila mtu akatazama bia yake.

"Mimi nitakufa," akasema Clem.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, afande. Mimi nasimama dukani wiki nzima. Nikipata nafasi ya kulala chini sitaikataa."

Hapo ndipo alipopewa jina.

Na alikufa vizuri, asipunjwe haki yake. Wengine walianguka kama magunia, wamejichagulia pahali pasipo na kinyesi cha kondoo. Clem alisimama ghafla, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha magoti yakamlegea, akalala ubavu chini ya ukuta wa mawe mwisho wa shamba, mkono mmoja chini yake. Hapo alibaki mpaka mwisho. Na mwisho ulikuwa na desturi yake: Pickersgill anapuliza filimbi, wafu wote wanaamka, wanajikung'uta nyasi, wanapanga mstari na kuinama, na watazamaji wanapiga makofi. Baada ya hapo wanaelekea hemani kwa Thelma kunywa chai. Waliiita filimbi ya kuamsha wafu. Watoto waliipenda kuliko pigano lenyewe.

Tatizo lilikuwa moja. Ukifa wa kwanza unalala muda mrefu, na Clem alikuwa mtu wa kuamka mapema kuwasha oveni za pai. Mara nyingi usingizi ulimpitia. Mwaka mmoja alikoroma mpaka Wajerumani wakashindwa kusonga mbele kwa kicheko. Thelma alimpigia kelele kutoka hemani, "Clem! Marehemu hawakoromi!" Ikawa hadithi ya kusimuliwa baa. Na yeye, kila alipoamshwa na wenzake, alikuwa na neno lake lile lile: "Je, nimekufa vizuri?" Nao hujibu, "Vizuri sana, amka ukanywe chai."

Miaka yote hiyo alimwomba baba yake aje. Mara moja tu.

"Njoo utazame, Baba. Utuambie tunakosea wapi."

"Mnakosea wapi? Mnakosea kuacha nyumba zenu siku ya Jumamosi."

"Hata dakika kumi."

"Nina njiwa Jumamosi."

Koti alilovaa Clem lilikuwa la Ezra mwenyewe, lile fupi la sufu la jeshini. Alikuwa amelikuta limetundikwa msumarini kwenye banda la njiwa. Mzee alilivaa kila alipokwangua kinyesi. Clem aliliomba akidhani ataambiwa kitu. Ezra aliliangalia, akasema, "Chukua. Njiwa wamelichoka." Thelma alilifua mara tatu na bado siku za mvua lilinuka banda.

Kisha miguu ya Ezra ikaanza kumsaliti. Hakuweza tena kupanda ngazi ya banda, na akawagawa njiwa wote kwa mtu wa bonde la pili. Jumapili ya kwanza bila njiwa, Clem alimkuta amekaa pale pale kwenye kiti chake cha nje, ametazama angani pasipo kitu.

"Hiyo michezo yenu," Ezra akasema, bila kuteremsha macho. "Chai ipo?"

Clem nusura aangushe sahani. "Chai ipo, Baba. Thelma ndiye anayeipika."

"Basi nitakuja. Jumamosi nazo zimekuwa ndefu."

Wiki hiyo Clem hakufaa kwa kazi. Aliwapa watu soseji za damu walipoomba maini. Usiku wa kuamkia Jumamosi hakulala hata kidogo, na kabla ya jogoo alikuwa dukani akioka pai za nyama ya nguruwe, zile alizojua baba yake anazipenda, zenye rojo iliyoganda vizuri. Thelma alimwambia, "Wewe mwanamume, hata harusini kwetu hukuhangaika hivi." Naye akamjibu, "Harusini nilijua utakuja."

Jua lilitoka siku hiyo, jua la kweli, jambo ambalo Skelbeck huwa tunalisoma magazetini tu. Ezra aliletwa kwa gari, amevaa suti yake ya kanisani na kofia bapa, akakalishwa mbele kabisa ya kamba ya watazamaji, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto. Pickersgill alimjia na fimbo yake kwapani, akampigia saluti ya kukata hewa.

Ezra akamtazama juu mpaka chini. "Kikosi gani?"

"Mimi? Mimi... benki, mzee."

"Ahaa. Sikuwaona kule."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na Pickersgill, kwa kuwa si mtu mbaya, akacheka pia. Clem akaja mbio kuagana kabla ya pigano, kofia ya chuma mkononi, amevaa lile koti, jasho tayari linamtiririka. Alisimama mbele ya baba yake kama mtoto anayekaguliwa masikio siku ya shule.

Ezra akanyoosha mikono yake miwili, mikono ya fundi, yenye vidole vilivyopinda, akamvuta mwanawe kwa shingo ya koti mpaka Clem akainama. Pale shingoni kuna kulabu ndogo ya chuma, ukiifunga kola inabana. Clem alikuwa ameiacha wazi kwa ajili ya joto. Ezra aliipapasa, akaifunga.

"Hii ifunge," alisema. "Enoch naye alikuwa haifungi. Kila siku anakaripiwa, kila siku haifungi. Anasema inamkaba."

Clem alibaki ameinama. Maisha yake yote hakuwahi kusikia jina la mtu aliyekuwa na baba yake kule.

"Enoch nani, Baba?"

Filimbi ya kupanga mstari ikalia. Pickersgill akaita kwa kipaza sauti, "Marehemu! Unangojewa ukafe!" Watazamaji wakapiga vifijo. Clem hakusogea.

"Baba. Enoch nani?"

"Nenda wewe, wanakungoja." Mzee alimpiga kibao chepesi begani. "Nitakuambia baadaye, tukinywa chai. Ni hadithi ndefu kidogo. Nenda."

Kuna furaha inayomlegeza mtu viungo. Clem alikimbia hadi upande wa Waingereza akitabasamu peke yake, akasubiri mlio wa kwanza, akafa. Alikufa haraka mwaka huo, bila madoido, ili wakati uende. Akalala chini ya ukuta wake wa mawe, sufu nzito imemfunika, jua limemwelemea, nyasi zinanukia. Kulabu ikamkaba. Akaifungua kwa kidole kimoja, kwa siri, wafu wasionekane wanajikuna. *Tukinywa chai,* alijiambia. Alianza kupanga maswali: aanze na lipi, asimharakishe, amkatie pai kwanza. Katikati ya kupanga, usingizi ukamchukua kama ulivyokuwa ukimchukua siku zote.

Yaliyofuata hakuyaona. Aliyapata kwa Thelma, vipande vipande, miezi baadaye.

Thelma alisema kwamba wakati wa milio Ezra alikaa ameshika magoti yake, hatazami bunduki wala moshi, anatazama nyasi tu, kule walikoangukia watu. Pigano likaisha. Pickersgill akapuliza filimbi. Wafu wakaanza kuamka, huku mmoja, kule wawili, Wajerumani na Waingereza, wanajikung'uta, wanapeana mikono kuinuana. Na uso wa mzee ukafunguka. "Sijapata kumwona vile," Thelma alisema. "Midomo wazi, kama mtu anayetazama njiwa wake wakirudi wote. Alikuwa anapiga makofi, Clem. Polepole, vidole tu."

Kisha akaacha. Alikuwa anatazama ukutani.

Aliinuka bila fimbo ya kutembelea. Akavuka kamba. Thelma alimwita, "Baba, unakwenda wapi?" lakini alikuwa na birika la moto mkononi na watu wamejipanga mbele yake. Kijana mmoja aliyeachiwa kipaza sauti, asijue analosema, akatangaza, "Na sasa, mabibi na mabwana, askari wetu wa kweli anawajia mashujaa wetu uwanjani!" Makofi yakaongezeka. Watu wakasimama. Ezra akalikata shamba lote peke yake, kwa miguu ile iliyoshindwa na ngazi ya banda la njiwa, makofi yanapigwa kila hatua, mpaka ukutani. Akapiga magoti.

Clem aliamka na kivuli usoni. Akafungua macho akaona uso wa baba yake juu yake, karibu sana, umelowa, na vidole vya baba yake viko shingoni mwake vinatafuta kulabu. Masikioni mwake makofi yanavuma. Akili bado imo ndotoni, na aliposikia makofi alijua ni mwisho wa mchezo, na mwisho wa mchezo una neno lake. Akatabasamu.

"Je, Baba? Nimekufa vizuri?"

Wenzake waliokuwa wakimkaribia wakaangua kicheko. Kijana wa kipaza sauti akasema, "Marehemu kalala tena!" na kicheko kikalizunguka shamba zima.

Ezra alimtazama. Vidole vilikuwa vimeipata kulabu. Akaifunga, akaibonyeza kidogo kuhakikisha.

"Vizuri sana, mwanangu," alisema. "Vizuri sana."

Akaomba mkono wa kuinukia.

Hemani alikunywa chai na kula pai nusu. Aliwajibu watu waliomsalimu. Clem alikaa mbele yake na kikombe kinapoa, na alijua kuna kitu kimevunjika ila hakujua amekivunjaje. Garini wakirudi kilimani aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Enoch ni nani, Baba? Ulisema utaniambia."

Ezra alikuwa anatazama mashamba yakipita. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema ni hadithi ndefu."

"Lo, si ndefu," mzee akasema. "Matope tu."

Aliaga dunia Februari, theluji ikiwa barabarani, usingizini. Clem mwenyewe ndiye aliyechemsha paja la nguruwe la mazishi, kwa maana kwetu mtu asiyezikwa na paja la nguruwe mezani amezikwa vibaya, na hakuruhusu mtu mwingine kulikata. Alisimama mezani ukumbini akikata vipande vyembamba, sawasawa, mfululizo, kama anayeogopa kumaliza. Desmond Oddy, Mjerumani wetu, akaja na sahani yake.

"Pole sana, Clem. Mzee alikuwa mtu." Akasogeza sahani. "Yule Enoch, alikuwa ndugu yenu?"

Kisu kikasimama. "Jina hilo umelipata wapi?"

"Pale shambani. Mimi nilifia karibu na wewe mwaka huo, kwenye kona ya ukuta. Nilidhani... nilidhani unajua. Nilidhani ulisikia."

"Nilikuwa nimelala, Desmond."

Mwalimu akawa mwekundu mpaka shingoni. "Basi nisingesema."

"Sema."

"Alipiga magoti, akakushika bega. Akasema, 'Enoch, filimbi imelia. Wenzako wote wameamka, amka na wewe.' Alisema mara mbili. Halafu akasema, 'Laiti ningekufungia ile kulabu.' Hapo ndipo ulipofungua macho."

Clem alimtilia Desmond nyama sahanini. Akamtilia tena. Akamtilia mpaka Thelma akaja akamshika mkono.

Usiniulize Enoch alikuwa nani. Clem alikwenda kusoma majina yote katika jiwe la kumbukumbu pale njia panda, herufi kwa herufi, na Enoch hamna. Alikwenda kwenye mawe ya kumbukumbu ya vijiji vya jirani. Aliwatembelea wazee wawili waliokuwa jeshini na baba yake. Mmoja hakusikia, wa pili alikumbuka akina Enoch wengi. Labda alikuwa kijana wa Durham, labda wa Cornwall. Alikuwapo mtu duniani ambaye kola ilimkaba, na wa mwisho aliyemjua alikuwa tayari kusema, akakuta anachekwa. Clem alimwambia Thelma, "Nilimngojea mlangoni miaka yote, na siku aliyofungua nikamfanyia mzaha."

"Ulikuwa usingizini, mpenzi."

"Ndiyo. Ndio ubaya wake."

Kabla ya kiangazi kilichofuata alisimama kikaoni pale Fleece, yeye ambaye hakuwahi kusimama. Aliomba jambo moja. Wafu wasiamke kwa makofi. Walale mpaka watu waondoke, ndipo wainuke kimya kimya.

Pickersgill alimsikiliza vizuri, nampa haki yake. Akatoa miwani akaifuta. "Clem, ndugu yangu. Watoto watalia. Watu wanakuja kuona mwisho ule. Ukiwaachia maiti shambani watakwenda nyumbani na huzuni."

"Ndiyo," Clem akasema.

"Sasa nani atarudi mwakani?"

Wakapiga kura. Mkono wa Clem uliinuka, na wa Desmond Oddy. Basi.

Wote walidhani atajitoa, au angalau ataomba mwaka huo asife. Hakujitoa. Siku ilipofika alivaa lile koti, akaingia mstarini, mlio wa kwanza ukalia, akasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akaanguka chini ya ukuta wake, mkono mmoja chini. Akaifungua kulabu. Hakusinzia hata kidogo. Macho yalikuwa wazi kwenye nyasi. Filimbi ikalia, wenzake wakaamka wakajipanga, makofi yakapigwa, na yeye akabaki pale pale.

"Marehemu kalala tena!" kijana wa kipaza sauti akasema, na watu wakacheka, wakamnyooshea vidole, baba akambeba mtoto begani amwone vizuri yule mzee mchekeshaji. Clem aliwaacha wacheke. Hakutikisika.

Hivyo ndivyo alivyofanya mwaka huo, na miaka yote iliyofuata mpaka nyonga ikamkataza. Watazamaji wanatawanyika, mabasi yanaondoka, shamba linabaki na karatasi za chipsi na moshi. Ndipo Thelma anatoka hemani na kikombe cha chai, analivuka shamba taratibu, anapiga magoti kwa taabu, na kumfungia ile kulabu shingoni.

"Magoti yangu, Clem," anasema.

"Najua, mama."

Na hapo ndipo anapoamka.